Pointi 1.5 bado zina kazi

Dada uliyeuliza kama pointi 1.5 za kidato cha sita zinaweza kukufikisha digrii ukiwa kazini: ndiyo, kupitia kozi ya msingi (Foundation) ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Unatakiwa upate GPA (wastani wa alama) ya 3.0 kwenye masomo sita ya lazima, pamoja na angalau C katika masomo matatu ya kundi lako: sanaa, sayansi au biashara. Hizo C ndizo zinazokwamisha watu. GPA imetimia vizuri, kumbe somo moja la kundi lina D! Kwa hiyo chagua kundi kwa kuangalia digrii unayoitaka, na masomo hayo matatu uyape muda zaidi. Na tafadhali, kama sasa unatumia jina la mume, jaza fomu ya kujiunga kwa jina lililo kwenye cheti chako cha shule, herufi kwa herufi.