Maswali na Majibu: Zelda Ameshika Fimbo, Wasomaji Wanauliza

Mchezo wa The Legend of Zelda: Echoes of Wisdom ulitoka tarehe 26 Septemba 2024 kwa ajili ya mashine ya michezo ya Nintendo Switch. Barua nyingi tulizopokea zinahusu saa za mwanzo za mchezo, na hizo ndizo tunazozijibu hapa.

Habari za kazi, wahariri. Nimezoea kucheza Zelda kwa yule kijana Link, mwenye upanga na ngao. Nasikia safari hii unamwongoza binti mfalme Zelda mwenyewe, na hana upanga. Anapigana na nini? Nina Switch Lite, itafaa? (Msomaji, Mombasa)

Itafaa kabisa, dada. Picha zake ni za vikaragosi vidogo vinavyotazamwa kutoka juu, kwa mtindo ule wa Link's Awakening ya mwaka 2019, na kwenye kioo cha inchi 5.5 vinaonekana vizuri. Kinachoumiza macho kidogo ni maandishi, basi ongeza mwanga wa skrini unaposoma.

Ndiyo, hii ni mara ya kwanza katika michezo mikuu ya mfululizo huu, ulioanza mwaka 1986, Zelda mwenyewe kuwa mhusika mkuu. Link unamshika kwa muda mfupi tu, kisha anamezwa na ufa, yaani shimo la ajabu linalomeza watu na vitu. Zelda anafungwa ndani ya ngome ya baba yake, na humo anakutana na kiumbe mdogo anayeng'aa aitwaye Tri, ambaye anampa fimbo. Fimbo hiyo inanakili vitu na kuvitoa tena popote unapotaka, na kila nakala ni mwangwi wa kitu halisi. Mwangwi wako wa kwanza ni meza. Baadaye unapata kasha, kitanda, chungu, kisha wanyama wakali. Jumla ipo miangwi 127.

Sisi tumeupenda sana mwanzo huo wa gerezani. Mchezo haukupi mafunzo marefu. Unakupa meza na ukuta mrefu, halafu unakuacha ufikiri. Ukishapanga meza mbili ukapanda, umeshaelewa mchezo wote ulivyojengwa.

Upanga nao upo. Ukiwa ndani ya hekalu la kwanza, Suthorn Ruins, unapata uwezo wa kugeuka mpiganaji kwa muda: bonyeza juu kwenye vitufe vya mwelekeo na Zelda anapigana kama Link. Nguvu hiyo ina kipimo chake, inapungua kila sekunde unapoitumia, na unaijaza zaidi ukiwa ndani ya nyufa. Usiimalizie kwa vijidudu vya njiani. Itunze kwa ajili ya majitu ya mwisho wa mahekalu, hasa pale wanapoanguka na kubaki wazi. Fuwele unazookota nyufani mpelekee mzee Lueberry, kaka yake Impa, mlezi wa Zelda, akuongezee kipimo. Kuimarisha kila kitu hadi mwisho kunahitaji fuwele 150, kwa hiyo usivunjike moyo upanga ukiwa dhaifu mwanzoni.

Wanyama ninaowaita ni wazembe. Naita mmoja, anasimama tu, mimi napigwa. Naita wengine, nao wanapotea. Nakosea wapi? (Kijana wa Morogoro)

Unabonyeza mara nyingi mno, ndugu. Kila mwangwi una gharama inayohesabiwa kwa pembetatu zinazomfuata Tri. Mwanzoni anazo chache. Ukiita kitu kinachozidi zilizobaki, mwangwi wa zamani kuliko yote unafutwa ili kipya kipate nafasi. Sasa fikiria mnyama aliyeanza kujiandaa kurusha mkuki: wewe umekosa subira, umebonyeza tena, naye anatoweka kabla mkuki haujaondoka mkononi. Kwa hiyo unalipa gharama mara tano na adui hajaguswa.

Fanya hivi. Mlenge adui kwanza kwa kitufe cha ZL, maana bila kulenga mwangwi wako unachagua mwenyewe nani wa kumshambulia, na mara nyingi anachagua vibaya. Mweke mnyama wako ubavuni au nyuma ya adui, usimweke katikati yenu wawili. Kisha rudi nyuma na umwache apige mara mbili au tatu. Wakati huo mikono yako isikae bure: tumia uzi wa kufunga, ule unaokuunganisha na vitu, umshike adui na kumvuta. Adui aliyefungwa anahangaika nawe huku mnyama wako akimpiga. Penye shimo au maji marefu karibu, wengine unaweza kuwaburuta hadi ukingoni wakatumbukia wenyewe.

Chagua mnyama kwa kuangalia ardhi. Mkononi mwa anayeanza, Spear Moblin ni mzuri kwa sababu mkuki wake unafika mbali. Ignizol, ute wa moto, anawasha mienge na kuunguza vitu vya mbao, lakini usimwite ukiwa umesimama kwenye nyasi kavu, maana moto unasambaa na haubagui. Yule urchini wa baharini mwenye miiba hatembei kabisa, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Panga wawili au watatu kwenye njia nyembamba, maadui wanakuja kujichoma wenyewe. Ni wa bei rahisi pia.

Kumbuka kwamba mnyama hanakiliwi mpaka umemshinda kwanza. Wengi wanamuua, wanaokota rupia, pesa za mchezo, na kuondoka, wakiacha kivuli kinachometameta pale chini. Kile ndicho cha kunakili.

Vita vikiisha, toa kitanda na ulale. Mioyo, yaani uhai wa Zelda, inarudi kidogo kidogo. Hakuna haja ya kutumia vinywaji kwa majeraha madogo.

Nina miangwi zaidi ya 40 sasa. Kumtafuta mmoja kwenye ile mistari inachosha. Hakuna njia ya mkato? (Msomaji, Nakuru)

Hapa lawama ni ya waliounda mchezo. Ukishikilia kitufe cha kulia cha mwelekeo unapata mstari mmoja mrefu, nao unazidi kurefuka. Hakuna sehemu ya kuhifadhi vipenzi vyako vitano. Kinachosaidia ni kubadili mpangilio. Upo wa iliyotumika karibuni, iliyotumika zaidi, iliyonakiliwa karibuni, gharama, na aina. Tumia wa karibuni ukiwa kwenye fumbo au vita, kwa sababu humo unazungusha vitu vitatu au vinne tu. Ukiwa unatafuta kitu cha nadra, badili uwe wa aina. Uliotumika zaidi unapoteza maana baada ya saa kadhaa, kwa kuwa kitanda na vifaa vya kupandia vinakaa mbele siku zote.

Kuna kuta siwezi kuzipanda hata kwa vitanda vinne. Natakiwa kurudi baadaye? (Bujumbura)

Mara nyingi hapana. Wachezaji wengi wanausahau ule uzi wa kufunga, na sisi tunaona ndio uvumbuzi mkubwa kuliko miangwi yenyewe. Unao upande wa pili: ukifunga kitu kisha ukageuza, badala ya kitu kukufuata wewe, wewe unakifuata chenyewe. Mwite buibui Crawltula karibu na ukuta. Anapoanza kupanda, mfunge, geuza uzi, naye anakuinua. Jukwaa linalopita hewani mbali na mguu wako unalifunga vivyo hivyo na linakubeba juu ya shimo. Angalia tu kitu kinakwenda wapi kabla hujageuza, kwa sababu kikipita chini ya mwamba wewe unagongwa na uzi unakatika.

Kwa maji, nenda eneo la Jabul ukanakili bonge la maji. Mabonge yaliyopangwa mnara unayaogelea kwenda juu kama kisima kilichosimama hewani.

Baada ya Suthorn nianze jangwa la Gerudo au Jabul? (Arusha)

Mchezo unaruhusu yote mawili. Sisi tunashauri Jabul, kwa sababu ya hilo bonge la maji, ambalo linafupisha njia nyingi za jangwani. Ukianza Gerudo, mnakili mapema fuko aitwaye Holmill, anayechimba mchanga na kufukua vilivyozikwa.

Mwanangu ana miaka minane na Kiingereza chake ni cha kubabaisha. Nimnunulie? (Mama msomaji, Dar es Salaam)

Mama, hakuna damu wala lugha chafu. Tatizo ni maandishi: mazungumzo yote yanasomwa, hayasemwi kwa sauti, na Kiswahili hakimo. Mafumbo ya mahekalu mtoto atayatatua kwa macho. Kazi ndogo za vijijini, kama kuambiwa uoneshe mnyama fulani au ulete kitu fulani, ndizo zitakazomkwamisha. Kaa naye jioni za mwanzo umsomee. Mwanzishie hali ya kawaida, si Hero Mode, kwani humo mapigo yanauma mara mbili na mioyo haidondoki.

Hadithi kuu inachukua takriban saa 20 kwa mtu mzima. Mtoto atakaa nayo muda mrefu zaidi.

Ninunue kadi ya mchezo au nipakue mtandaoni? Mashine yangu ililetwa kutoka Dubai. (Msomaji, Zanzibar)

Michezo ya Switch haina kizuizi cha nchi, hivyo kadi iliyonunuliwa Dubai, London au Tokyo itafunguka kwako. Sisi tunapendelea kadi. Upakuaji ni takriban GB 6, mzigo mkubwa kwa anayetumia bando la simu, na Switch ya kawaida na Lite zina GB 32 tu za ndani, ambazo mfumo wenyewe unazipunguza. Kadi pia unaweza kuiuza. Ukiiuza, maendeleo yako yanabaki kwenye mashine, hayaondoki na kadi.

Ukiamua kupakua, duka la Nintendo halina tawi la Tanzania wala Kenya. Akaunti yako itasajiliwa kwa nchi nyingine, na vocha lazima iwe ya nchi hiyohiyo. Vocha ya Marekani haikubaliki kwenye akaunti ya Uingereza. Hakikisha hilo kabla hujamlipa muuzaji wa mtandaoni, maana vocha ikishakwanguliwa wengi hawarudishi pesa.

Nikiwa kwenye uwanda mchezo unakuwa mzito, nikiingia hekaluni unakuwa laini. Na Zelda anatembea pole pole kushoto bila kuguswa. Mashine imeharibika? (Kisumu)

Hayo ni mambo mawili tofauti. Uzito ni wa mchezo wenyewe. Unalenga fremu (picha) 60 kwa sekunde, ila kwenye uwanda wenye nyasi na wanyama wengi, au ukitoa miangwi mingi kwa pamoja, unashuka hadi 30. Futa miangwi usiyoitumia, utaona nafuu kidogo.

Kutembea bila kuguswa ni ugonjwa wa kijiti, kile unachosukuma kwa kidole gumba kumwongoza Zelda. Ndani yake kuna utando wa kaboni unaosuguliwa kila unapokisukuma. Ukichakaa au ukiingia vumbi, mashine inasoma mguso usiokuwepo. Kwanza ingia mipangilio ya mfumo, sehemu ya vidhibiti na vihisi, ukakisawazishe kijiti. Isiposaidia, zima mashine, inua ule mpira mwembamba chini ya kijiti, weka tone dogo la spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, zungusha kijiti pande zote, na uache pakauke kabisa kabla ya kuwasha. Usitumie mafuta ya kulainishia, yanakusanya vumbi zaidi.

Nafuu ya spiriti huwa ya muda. Dawa ni kubadili kijiti. Kwenye Switch ya kawaida unachomoa Joy-Con, kile kidhibiti cha pembeni, na kumpelekea fundi hiyo peke yake. Kwenye Lite vijiti vimejengwa mwilini, hivyo fundi lazima afungue mashine nzima, nayo imefungwa kwa skrubu zenye kichwa cha ncha tatu. Muulize kama anayo bisibisi yake kabla hujamwachia. Anayelazimisha kwa bisibisi ya kawaida anakula kichwa cha skrubu, na hapo kuifungua tena ni kwa kutoboa.