Muulize Anti: Nimeenda kusoma kompyuta, nafundishwa sifuri na moja

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni binti wa miaka 24 niko Morogoro, nafanya kazi steshenari mwaka wa tatu huu, nachapa barua, natoa kopi, napiga pasipoti saizi, najaza watu maombi ya ajira mtandaoni mpaka usiku. Mwaka huu nikajipa moyo nikajiunga cheti cha kompyuta chuo kimoja hapa hapa, NTA level 4, nikajua huko nitang'ara maana kompyuta naishika kila siku. Sasa wiki ya tatu hatujagusa hata Word, ni baineri tu, zile namba za sifuri na moja, mara sijui geti za AND na OR, tesiti ya kwanza nimepata 7 kati ya 20 alafu kuna kadogo kametoka form four juzi hata simu ya tachi hakana kamepata 17. Ada nimelipa mwenyewe anti. Niache niende zangu kozi fupi ya miezi mitatu? – Mchapaji

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na hiyo 7. Hujapotea njia, ila ulibeba matarajio ya kozi nyingine. Dereva wa daladala akienda VETA kusoma umakanika asitegemee maksi za bure kwa vile anajua kukata kona, si ndio? We ni dereva mzuri, sasa wamekufungulia boneti.

Na ngoja nikwambie, hizo sifuri na moja umeshafanya nazo kazi miaka mitatu ila hamjatambulishana. Mteja ashawahi kukurudishia flashi ya 32GB anafoka kwamba ni feki kwa sababu ikichomekwa inasoma 29.8? Nina hakika imetokea. Sio feki, ni kwamba kiwandani GB moja wanaihesabu baiti bilioni moja kamili, Windows yenyewe inahesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024 ambayo ni 1,073,741,824, sasa chukua bilioni 32 ugawe kwa hiyo namba uone kama hutapata 29.8. Hiyo 1,024 ni mbili iliyojizidisha mara kumi, ndo baineri yenyewe hiyo unayoikimbia.

Au pale unapobadilisha rangi ya nyuma ya pasipoti iwe bluu, vile vinamba vya R, G na B (nyekundu, kijani na bluu) mwisho wake 255, umewahi kujiuliza kwanini isiwe 300? Kila rangi imepewa biti nane, yaani nafasi nane za kuweka sifuri au moja, biti nane zinatoa michanganyiko 256, ukianza kuhesabu na sifuri unaishia 255. Na cheti cha mtu kikikataliwa mtandaoni kwa kuwa faili ni kubwa unaskani upya, unashusha DPI (idadi ya vitone kwa kila inchi) toka 300 mpaka 150, vitone vinabaki robo, sio nusu, maana umepunguza kwa upana na kwa urefu vyote viwili. Kale kadogo kenye 17 hizi habari kamezikariri tu, wewe mwenzake umezigusa kwa mkono.

Kugeuza namba usikariri zile hatua za kugawa kwa mbili kama zinakuchanganya (hata mimi zilinichanganya), fanya hivi, jifanye uko kaunta na una noti nne tu, ya 8, ya 4, ya 2 na ya 1, kila moja ipo moja. Mteja anadai 13. Unatoa ya 8, unatoa ya 4, ya 2 inabaki droo, unatoa ya 1. Iliyotoka andika 1, iliyobaki andika 0, umepata 1101. Namba ikizidi 15 ongeza noti ya 16, kisha 32, unaendelea hivyo hivyo. Fanya ishirini kila siku kabla hujafungua duka na hiyo mada itakuwa imekwisha. Geti nazo ndo zile zile AND na OR utakazokuja kuziweka kwenye IF ya Excel, AND inataka masharti yote yatimie, OR hata moja linatosha, hazina jipya.

Kozi fupi sikushauri, utalipa hela kufundishwa unachokijua. Hii ya sasa ukimaliza level 4 unaingia 5 na 6 unatoka na diploma, na hapo njia ya digrii iko wazi. Ila kitu kimoja, zile asainimenti zinazozunguka kwenye grupu la WhatsApp saa sita usiku usizikopi, mtihani wa praktiko unakaa na mashine peke yako. Kale kadogo kafanye rafiki, kakufundishe baineri we ukafundishe Excel.

SWALI: Anti, kijana wangu anaanza cheti cha kompyuta, anasema bila laptopu mpya ya milioni moja na nusu hawezi kusoma. Ni kweli au ananipiga? – Baba Neema

JIBU: Baba Neema, nusu kweli nusu anakupiga, ni vijana wetu. Laptopu anaihitaji, mpya haihitaji. Mtumba mzuri wenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya 8GB na SSD (diski ya kuhifadhia) ya 256GB unamtosha mpaka diploma. Angalia namba ya prosesa, i5-8250U ni jenereshoni ya nane, i5-7200U ni ya saba, kwa macho zinafanana ila Windows 11 rasmi inataka kuanzia ya nane, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, ndo maana hizo za saba utaona wanakubembeleza na bei. Chomoa chaja uikalie nusu saa hapo hapo dukani uone betri, jaribu kila kitufe, alafu mwambie muuzaji aizime aiwashe aingie BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) mbele yako. Ikidai paswedi na yeye haijui, mrudishie ulizia duka la jirani.