Kutoka solfa hadi nota za mistari: maswali yenu kuhusu ABC

Mara ya mwisho niligusia ABC, namna ya kuandika muziki kwa herufi za kawaida za kibodi, iliyobuniwa na Chris Walshaw wa Uingereza kwa ajili ya nyimbo za kienyeji. Herufi kubwa C D E F G A B zinaanzia C ya kati, ndogo c d e ni oktavo ya juu yake. G2 ni G iliyorefushwa mara mbili, z ni kimya. Maswali yaliyofuata karibu yote ni ya watu wa kwaya wanaoimba kwa solfa, yaani herufi d r m f s l t badala ya nota za mistari. Nimechukua matano.

Nina nyimbo kama arobaini za solfa nilizochapa kwenye Word. Nifanyeje zigeuke nota za mistari mitano bila kuanza upya? (Mwalimu wa kwaya, Iringa)

Pole, utaanza upya, ila mara moja tu. Solfa ya Word kila mtu ameichapa kwa nafasi na nukta zake, na kompyuta ikiisoma itabahatisha. Ichape kwa ABC. Tuseme doh ni G, nne kwa nne:

d :r |m :f |s :- |- : ||

Kwa ABC inakuwa:

X:1
T:Zoezi
M:4/4
L:1/4
K:G
G A B c | d3 z |

Kichwa kina namba ya wimbo (X), jina (T), mapigo (M), urefu wa nota ya msingi (L) na ufunguo (K). Mstari wa K ndio unaokifunga, muziki unaanza baada yake. Mitego sasa. Kile kistari kati ya r na m si mpaka wa kipimo, kinaonyesha pigo la tatu lenye uzito wa kati. Ukikinakili, kila kipimo kitakatwa vipande viwili. Halafu kwenye solfa mahali patupu ni kimya na kistari cha kulala ni kuendelea na sauti. ABC haijali mahali patupu, kwa hiyo kimya kiandike z.

Mtego unaowanasa hata waliobobea ni ta. Kwa kuwa ta ni ti iliyoshushwa, mtu anaandika _f, alama ya flati. Lakini kwenye G, ti yenyewe ni F shapu. Ukiishusha unapata F ya kawaida, yaani =f. Ukiweka _f unapata F flati na kwaya nzima inakutazama. Fe, yaani fa iliyopandishwa, haina shida hiyo, ni ^c (C shapu).

Jambo la mwisho ni la wanaume. John Curwen, mchungaji Mwingereza aliyeieneza solfa karne ya 19 juu ya msingi wa Sarah Glover wa Norwich, alizoea kuandika tenor na besi oktavo moja juu ya zinavyosikika. Kama nakala zako zinafuata utaratibu huo, ongeza octave=-1 kwenye mstari wa V (unaotaja kila sauti) wa sauti hizo. La sivyo besi wako watajikuta wamekaa na alto.

Mpiga kinanda hunitumia MIDI. Nikiifungua kwenye MuseScore (programu ya kuandika nota) naona vipumziko vidogovidogo kila mahali na shapu zisizo na maana. Nakosea wapi? (Nakuru)

Hukosei. MIDI ilizaliwa mwaka 1983 ili vinanda viongee vyenyewe kwa vyenyewe: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu gani, kimeachiwa lini. Karatasi haimo katika mazungumzo hayo. F shapu na G flati juu ya C ya kati zote ni namba 66, kwa hiyo programu inayoandika nota inakisia. Na mpigaji akiinua kidole mapema kidogo, unaandikiwa kipumziko. Mwombe asawazishe mapigo kwenye programu yake kabla ya kutuma, kisha wewe usafishe kwa mkono.

Mimi MIDI naitumia kwa safari ya kwenda tu. Naandika ABC, naipitisha kwenye abc2midi, programu inayoigeuza kuwa MIDI, natoa faili la kila sauti, nalibadilisha kuwa MP3 na kulitupa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Wasioweza kusoma nota wanafika mazoezini wameshaijua sauti yao. (Wavivu bado wanafika hawajui, hilo halina programu.)

Basi nipeleke ABC kwenye MuseScore kwa njia gani?

MusicXML. Toleo lake la kwanza lilitoka 2004, na kazi yake ni hiyo hasa: kuhamisha nota kati ya programu zisizoelewana. Tumia programu ya abc2xml ya Willem Vree kugeuza ABC kuwa MusicXML, na xml2abc kwa kurudi. Ukikutana na faili la .mxl usishtuke, ni MusicXML iliyobanwa. Wenye nyimbo ndani ya Finale, programu nyingine ya kuandika nota ambayo watengenezaji wake walitangaza 2024 kwamba hawaiendelezi tena, zitoeni kwa MusicXML sasa, wakati kompyuta bado inaifungua.

Maneno yangu yanahama nota. Silabi ya tatu inaangukia nota ya pili. (Mombasa)

Umehesabu silabi kwa macho. "Njooni" ni tatu: njo-o-ni. "Mtu" ni mbili: m-tu, ile m ina nota yake. Usiiachie programu ikukatie silabi, nyingi zimefundishwa Kiingereza. Kwenye mstari wa w: (wa maneno, chini ya nota) weka kistari kati ya silabi, _ pale silabi inapovutwa hadi nota inayofuata, * kuruka nota isiyo na neno. Na pale waimbaji wanapomeza maneno mawili kwenye nota moja, kama "na" na "u" ya "upendo", andika na~u-pe-ndo. Alama hiyo ukiisahau, kila kinachofuata kinasogea nota moja mbele.

Nina PDF tu. Inawezekana?

Kama ni nota za mistari zilizochapwa vizuri, jaribu Audiveris, programu inayosoma nota kutoka kwenye picha au PDF. Ni ya bure na inatoa MusicXML, ila kagua kipimo kwa kipimo. Kama ni picha ya solfa iliyoandikwa kwa mkono ikapigwa fotokopi mara tano, keti uichape.