Maswali ya Wasomaji: Feni ya Dari Yenye Mapanga Yanayojikunja

SWALI: Ndugu Mhariri, naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Tumepanga nyumba Nyegezi, jijini Mwanza, yenye dari ya jipsamu iliyo mita 2.5 kutoka sakafuni. Katika duka moja la vifaa vya umeme nimeona taa ya duara ambayo, ukibonyeza rimoti, mapanga manne huchomoza juu yake na kuzunguka, na ukizima hurudi yasionekane tena. Bei yake ni karibu mara tatu ya feni ya kawaida. Ninaitaka sebuleni na chumbani. Kitanda chetu kina chandarua cha duara kinachoning'inia darini, na mume wangu anaamini kwamba kwa kuwa mapanga yanajikunja, chandarua hakitapata shida. Mchana tuna upepo wa ziwa, lakini usiku nyumba huwa na joto sana. Je, feni hii itatufaa?
Mama wa watoto watatu, Nyegezi

JIBU: Dada yetu, tuanze na chandarua, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Mapanga ya feni hii hujikunja inapokuwa imezimwa tu. Usiku, wakati chandarua kimeshushwa na ninyi mmelala, feni itakuwa inazunguka, na mapanga yatakuwa yamenyooka kwa urefu wake wote kama ya feni nyingine yoyote. Chandarua cha duara kinachofungwa darini katikati ya kitanda hakiwezi kukaa pamoja na feni ya dari mahali pamoja, iwe ya kujikunja au isiyojikunja. Tafadhali msikijaribu kitu hicho hata kwa usiku mmoja. Kama mnataka feni ya dari chumbani, badilisheni chandarua mchukue cha pembe nne, mfunge kamba zake kwenye kuta au kwenye nguzo za kitanda, na kitambaa chake cha juu kivutwe kisawasawa kisilegee, kikae mbali na mapanga.

Ili uone kwa nini iko hivyo, ni vizuri kujua mapanga hayo yanafunguka kwa nguvu gani. Wengi hudhani kwamba ndani kuna mota ndogo inayoyasukuma nje. Katika feni nyingi za aina hii haipo. Kila panga limeshikiliwa na pini moja karibu na ukingo wa kitovu, na springi hulivuta ndani, ambako mapanga yote hulala yakipandiana kama mabawa ya mende. Mota ikianza kuzungusha kitovu, mwendo wenyewe huyatupa mapanga nje mpaka yafike kwenye kizuizi chake. Mota ikizimwa, mwendo hupungua, springi zikashinda, nayo yakarudi. Nguvu hiyo ya kutupa nje hufuata mraba wa mwendo, yaani mwendo ukipungua hadi nusu, nguvu hubaki robo. Ndiyo maana baadhi ya feni hizi, hasa zilizoundwa kwa bei ya chini, hazifungui mapanga kikamilifu zinapowekwa kwenye mwendo mdogo kabisa, ambao ndio watu wengi huupenda usiku. Ukiwa dukani, mwombe muuzaji aiwashe kwa mwendo huo mdogo na uangalie kama mapanga yote yamenyooka sawa.

Ubunifu huu ni wa kupendeza, na sitaki kuupunguzia heshima. Feni ya dari ya umeme ilibuniwa Marekani katika miaka ya 1880 na Philip Diehl, fundi aliyekuwa ametengeneza mota ya umeme ya cherehani za Singer, na tangu hapo umbo lake halikubadilika sana: kitovu katikati na mapanga yaliyotanda wakati wote. Wazo la kuyaficha mapanga nyuma ya taa lilipata umaarufu kupitia feni ya Australia iitwayo Fanaway, na leo viwanda vingi vinatengeneza zinazofanana nayo. Kwa sebule ndogo ambayo watu hukaa mchana bila kuhitaji feni, kuwa na taa safi badala ya mapanga manne yenye vumbi juu ya vichwa vya wageni ni jambo la maana, nami nakubaliana nawe katika hilo.

Lakini urembo huo una gharama yake katika upepo. Panga la feni ya kawaida limeinamishwa kwa nyuzi kati ya 12 na 15 hivi, na mwinamo huo ndio unaosukuma hewa chini. Mapanga yanayopaswa kulala moja juu ya jingine ndani ya nafasi finyu hulazimika kuwa bapa zaidi na mafupi zaidi, kwa hiyo kila mzunguko husukuma hewa kidogo. Angalia pia upana. Feni ya kawaida ya milimita 1,200 hufagia duara la mita 1.13 za mraba. Ile ya milimita 900 hufagia zaidi kidogo ya nusu ya hapo, ingawa machoni tofauti yake huonekana ndogo. Nyingi za kujikunja nilizoziona zikiuzwa zina taa kubwa na duara dogo la upepo. Uliza upana wa mapanga yakiwa yamefunguka, na usikubali kupewa upana wa taa.

Hili lina uzito kwenu kwa sababu ya joto la usiku ulilolieleza. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na hewa ya baridi kutoka ziwani huja kuchukua nafasi yake. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa kwanza, na upepo hutoka bara kwenda ziwani, hivyo dirisha linaloelekea ziwani, lililowafurahisha saa tisa alasiri, huwa halina msaada saa nne usiku. Juu ya hayo, kuta na mawe makubwa yanayozunguka nyumba nyingi za Mwanza huendelea kutoa joto yaliyolimeza mchana kutwa. Feni haipoozi hewa ya chumba. Kazi yake ni kuondoa hewa yenye joto na unyevu iliyotulia juu ya ngozi, jasho likapata kukauka. Na chandarua nacho hupunguza upepo huo kwa kiasi kikubwa kabla haujawafikia. Chumbani, kwa hiyo, mnahitaji upepo mwingi kuliko sebuleni. Ningewashauri mchukue feni ya ukutani inayopuliza kutoka ubavuni mwa kitanda, au feni ya kawaida ya dari pamoja na chandarua cha pembe nne, na mfungue dirisha la upande wa bara ikiwa lina wavu. Feni ya kujikunja muiweke sebuleni.

Kuhusu kimo, mapanga yasiwe chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni, na juu yake iachwe nafasi ya sentimita 20 hadi 30 ili feni ipate hewa ya kuvuta. Dari yenu ya mita 2.5 inatosha, ila kwa shida, na mtoto akisimama kitandani au juu ya kochi na kunyoosha mkono, hapo patakuwa pafupi. Jipsamu yenyewe haibebi feni. Fundi apande darini afunge boriti ya mbao kati ya kenchi, na feni ining'inie hapo kwa bolti. Na kwa kuwa nyumba si yenu, mwenye nyumba apewe taarifa kwanza.

Jambo la mwisho kwenu wa pwani ya ziwa ni wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi. Mabuu yao huishi kwenye tope la chini ya ziwa, na hutoka kwa wingi hasa karibu na mwezi mwandamo. Hawaumi, lakini hufuata taa, na feni hii ni taa. Huingia kwenye kifuniko na kujazana kwenye pini za mapanga, ambako mizoga yao huchanganyika na vumbi. Siku hizo zimeni taa ya feni mtumie taa ya nje, na baada ya wimbi kupita mkate umeme kwenye swichi kuu, msafishe pini kwa brashi kavu.

SWALI: Mimi ni fundi umeme, Igoma. Mteja wangu ana feni ya kujikunja ambayo panga moja halirudi hadi mwisho, na ikizunguka inatikisika. Mteja anataka niliondoe panga hilo abaki na matatu. Nifanyeje?

JIBU: Usiliondoe, ndugu fundi. Mapanga hupimwa uzito kwa seti, na kitovu kilichopungukiwa upande mmoja kitatikisa bolti mpaka zilegee. Kata umeme, kisha lisogeze kila panga kwa kidole, ukilinganisha ugumu wake. Likiwa gumu kuliko mengine, tatizo ni uchafu au kutu kwenye pini. Safisha, na usipake mafuta ya kula wala grisi nzito, kwani hukamata vumbi. Likiwa jepesi, springi imechoka au imekatika, na hapo badilisha springi zote pamoja, kwa sababu springi mpya moja kati ya tatu zilizochoka italeta mtikisiko mwingine. Kuna miundo ambayo mapanga yameunganishwa kwa meno ya gia ili yafunguke pamoja. Katika hiyo, chunguza kama jino limevunjika kabla hujagusa springi. Na kama mteja ameunganisha feni ya rimoti kupitia regyuleta ya zamani ya ukutani, iondoe, maana vidhibiti viwili vya mwendo huharibu saketi ya rimoti.

SWALI: Mwanangu anataka kunitumia feni ya aina hii kutoka Marekani. Itafanya kazi hapa Musoma?

JIBU: Mzee wetu, kabla hajainunua mwambie asome kibandiko cha mota. Umeme wa Marekani majumbani ni volti 120 na hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde), wa kwetu ni volti 230 na hezi 50. Feni ya volti 120 pekee ikiunganishwa moja kwa moja hapa itaungua. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi, kwa hiyo mota ya kawaida itazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa, na kwa feni inayotegemea mwendo kufungua mapanga yake hiyo ni kasoro kubwa. Kibandiko kikionyesha volti 100 hadi 240 na hezi 50/60, aitume. Kisipoonyesha hivyo, fedha hiyo akutumie ununue ya hapa, yenye fundi na springi za akiba.