"Il vit" au "il vut"? Vitenzi vya Kifaransa katika passé simple

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nipo mwaka wa pili chuoni, nasoma Kifaransa na Kiswahili. Muhula huu tumeanza riwaya, na kila ukurasa nakutana na passé simple, ule wakati uliopita wa masimulizi ya maandishi: il fut, ils vinrent, elle naquit, na hata quand il eut fini. Mwenzangu alinionyesha njia ya mkato: chukua participe passé (umbo la kitenzi linalofuata avoir au être), weka t mwishoni. Fini inakuwa il finit, lu inakuwa il lut. Nikaijaribu kwa voir (kuona), nikaandika il vut, mhadhiri akaikata kwa wino mwekundu. Je, kuna kanuni ya kuaminika au ni kukariri tu? Na niutumie lini wakati huu badala ya passé composé, ule wakati uliopita wa mazungumzo?

JIBU: Marahaba. Njia ya mwenzako si ya kutupa, tatizo ni kwamba hakukwambia inakwama wapi. Tutafika huko.

Kwanza, acha kukariri nafsi sita za kila kitenzi. Kariri nafsi ya tatu umoja tu, ile ya il. Passé simple ina sifa moja ambayo wanafunzi wengi hawaioni kwa sababu ya kuogopa sura yake: shina halibadiliki njiani. Tazama venir katika wakati uliopo: je viens, nous venons, ils viennent, shina linageuka mara tatu. Katika passé simple ukishapata il vint umemaliza kazi: je vins, tu vins, nous vînmes, vous vîntes, ils vinrent.

Irabu unayoisikia mwishoni mwa umbo la il ndiyo inayokupa kundi. Makundi ni manne. Ukipata -a, kama il parla, utakuwa na je parlai, tu parlas, nous parlâmes, vous parlâtes, ils parlèrent. Ukipata -it, kama il finit, utakuwa na je finis, tu finis, nous finîmes, vous finîtes, ils finirent. Ukipata -ut, kama il lut, utakuwa na je lus, tu lus, nous lûmes, vous lûtes, ils lurent. La nne ni -int, na humo wamo venir, tenir na wote waliozaliwa nao (devenir, revenir, obtenir, soutenir), basi.

Kundi la -a ni la vitenzi vyote vya -er, pamoja na aller, ambacho kwingine kote ni msumbufu lakini hapa kimetulia: il alla, ils allèrent. Angalia tahajia tu. Manger huweka e mbele ya a ili g isigeuke sauti: il mangea, lakini ils mangèrent, kwa kuwa è yenyewe inatosha. Vivyo hivyo il commença, ils commencèrent. Na ukiandika je parlai, hakikisha hakuna s mwishoni. Je parlais ni imparfait (wakati uliopita wa hali au jambo lililokuwa likiendelea), na herufi hiyo moja inabadilisha maana ya sentensi nzima.

Sasa turudi kwenye il vut. Participe passé inayoishia kwa -u mara nyingi hukupeleka kweli kwenye -ut: bu, il but, su, il sut, pu, il put, voulu, il voulut, reçu, il reçut, connu, il connut, couru, il courut, vécu, il vécut. Inayoishia kwa -i, -is au -it mara nyingi hukupeleka kwenye -it: parti, il partit, pris, il prit, mis, il mit, dit, il dit. Hapo mwenzako yuko sawa.

Inapokwama ni hapa. Vitenzi kama vendre, rendre, attendre, perdre na répondre vina participe ya -u lakini passé simple yake ni ya -it: il vendit, il attendit, il perdit. Ongeza battre (il battit) na rompre (il rompit). Kisha kuna voir na ndugu zake: vu, lakini il vit, il revit, il prévit. Kilichokuponza wewe ni hicho. Cha ajabu ni kwamba pourvoir, kinachofanana nacho kabisa, hukataa kufuata na kusema il pourvut. Venir na tenir nazo zina venu na tenu, lakini umeshaona zinakwenda wapi.

Kuna pia participe zisizokuambia lolote: été, fait, né, mort, ouvert. Hizi ni za kukariri, sina dawa nyingine: il fut, il fit, il naquit, il mourut, il ouvrit. Avoir hutoa il eut, ambayo husomwa kama herufi u ya Kifaransa peke yake.

Kwa vitenzi kama écrire, conduire, craindre na peindre, achana na participe, tumia nous ya wakati uliopo. Nous écrivons: toa -ons, weka -it, unapata il écrivit. Nous conduisons, il conduisit. Nous craignons, il craignit. Nous peignons, il peignit. Usiijaribu kwa prendre, itakuletea balaa.

Ile kofia juu ya irabu katika nous na vous ni ya lazima. Mageuzi ya tahajia ya 1990 yaliruhusu kuiondoa juu ya i na u katika maneno mengi, lakini katika passé simple yaliiacha. Haïr haina, kwa sababu i yake tayari imebeba nukta mbili: nous haïmes. Nafsi ya tatu umoja haina kofia, na ukiikuta, kama il fût badala ya il fut, huo kwa kawaida ni imparfait du subjonctif, habari nyingine kabisa.

Kuhusu matumizi, wewe unayesoma Kiswahili una mtaji ambao mwanafunzi wa London hana: -ka-. Fungua Mwanzo sura ya kwanza: "Mungu akasema, Iwe nuru, ikawa nuru." Katika tafsiri ya Louis Segond, ambayo wasomaji wengi wa Congo na Burundi wanaijua: "Dieu dit : Que la lumière soit ! Et la lumière fut." Penye -ka- pana passé simple. Endelea na mstari unaofuata: "Dieu vit que la lumière était bonne." Vit ni tukio, linasukuma hadithi mbele, était ni hali iliyokuwapo tukio lilipotokea, kwa hiyo ni imparfait. Ukisoma riwaya, jiulize: hapa ningesimulia kwa -ka-, au ningesema "alikuwa aki-"? Mara nyingi jibu litakupa wakati sahihi.

Usiuvute ulinganisho huo mbali sana, lakini. Kwanza, -ka- kwa kawaida huegemea -li- iliyotangulia, ilhali passé simple inaweza kufungua hadithi yenyewe: "Au commencement, Dieu créa", ambapo Kiswahili kimeweka "aliziumba". Pili, -ka- tunaitumia sokoni na kwenye daladala. Passé simple ni ya maandishi. Paris au Bujumbura, ukisema je vins hier watu watacheka, na nous eûmes au vous fûtes zitachekesha zaidi. Katika mazungumzo, barua, meseji na barua pepe kwa mhadhiri wako ni passé composé: je suis venu hier.

Passé simple inakaa kwenye riwaya, ngano, historia na wasifu, na huko nafsi ya tatu ndiyo inayotawala. Sentensi hii ina makundi yote manne, iandike daftarini (MNC ni chama cha siasa, Mouvement national congolais): "Patrice Lumumba naquit en 1925, participa à la fondation du MNC en 1958, devint Premier ministre en juin 1960 et mourut en janvier 1961." Ukiandika insha ya masimulizi, chagua passé simple au passé composé na ushikilie ulichochagua, ila wahusika wanapozungumza waache waseme passé composé kama watu wa kawaida.

Tahadhari moja ya kusoma. Il vit inaweza kuwa voir, "akaona", au wakati uliopo wa vivre, "anaishi". Il finit na il dit ni sawa katika wakati uliopo na passé simple. Il plut ni plaire au pleuvoir, na hapo maana ya sentensi ndiyo inayoamua. Kwa vit, finit na dit kamusi haitakusaidia, ila vitenzi vya jirani vitakusaidia: vikiwa katika imparfait au passé simple, nacho ni passé simple. Ukipata wingi, mashaka yanaisha, maana ils finissent na ils finirent hazifanani.

Na quand il eut fini? Huo ni passé antérieur: avoir au être katika passé simple, pamoja na participe. Hueleza jambo lililokwisha mara kabla ya lingine, kwa kawaida baada ya quand, lorsque, dès que au après que. Quand il eut fini son repas, il sortit: alipokwisha kula, alitoka. Vitenzi vya être hufanya hivyohivyo: dès qu'elle fut partie.

Mwisho, usihangaike kutafuta passé simple ya traire, clore na paître, kwani hazina. Mfugaji wa riwaya yako akitaka kukamua ng'ombe, mwandikie il se mit à traire la vache.