Maswali yenu: ufadhili wa mafunzo ya utafiti wa tiba

Maswali ya wiki hii karibu yote yanahusu ufadhili wa mafunzo ya utafiti wa tiba: nani anaruhusiwa kuomba, na habari za walezi, yaani watafiti wazoefu wa kumwongoza mwombaji.

Nimemaliza digrii ya maabara. Nimeona F31 ya Marekani, niombe? (Tudor, Mombasa)

Usijisumbue, mwanangu. F31, ufadhili wa masomo wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ni ya raia wa huko na wenye ukaazi wa kudumu, tena walio kwenye masomo ya PhD. Kabla hujatazama pesa, tafuta kwanza kwenye tangazo mstari wa uraia. Wewe anzia jirani: Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust, kilichoanza 1989, na kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Pwani kimekuwa kikiwafunza waliomaliza digrii mbinu za utafiti wa afya. Matatu ya asubuhi inakufikisha.

Wafadhili wanataka mlezi. Mimi tayari nina msimamizi wa PhD, si yatosha? (Daktari, Ganjoni)

Pengine ni mtu yuleyule, daktari, ila kazi ni mbili. Msimamizi anataka tasnifu iishe. Mlezi anaulizwa mambo mengine: amelea wangapi, wako wapi leo, ana mradi wenye pesa wa kukushikiza, mtakaa pamoja mara ngapi kwa mwezi?

Kituo cha Fogarty cha NIH, katika matangazo yake ya K43, ufadhili wa watafiti wanaochipukia wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kilitaka walezi wawili: mmoja wa taasisi ya Marekani, mwingine wa taasisi ya nchi zetu hizi. Mimi naona walifikiri vizuri. Profesa wa ng'ambo atakunyoosha kwenye takwimu, lakini hajui kwamba stima ikipotea Ijumaa alasiri, ufunguo wa chumba cha jenereta anao mtu aliyekwenda msikitini.

Niliwahi kusoma barua ya mlezi yenye mistari minne. Ilimwita mwombaji "Bwana", naye ni mama wa watoto wawili. Ungekuwa mkaguzi, ungeamini kwamba huyo atamlea? Kwa hiyo usimwendee mzee na fomu ya kutia sahihi wiki ya mwisho. Mpelekee mapema ukurasa mmoja wa wazo lako, akukosoe, mpange siku za kukutana, kisha mpango huo aueleze mwenyewe kwenye barua. Akikataa kwa shughuli nyingi, mshukuru, amekuokolea mwaka.

Nina miaka 41 na watoto. Nimechelewa? (Muuguzi, Likoni)

Dada, wafadhili wengi hawahesabu umri, wanahesabu miaka tangu shahada. NIH, kwa mfano, humwita mtafiti mchanga kwa miaka 10 tangu amalize shahada yake ya juu kabisa au mafunzo ya kitabibu, na aliyejifungua ndani ya kipindi hicho huongezewa mwaka akiomba. Aombe, lakini, hauji wenyewe. Wachache wanaoweka umri huuandika wazi kwenye tangazo.

Kibali cha maadili kiwe mkononi kabla ya kuomba? (Kisauni)

Mara nyingi si lazima, lakini usiguse sampuli wala faili la mgonjwa bila kibali. Kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa, halafu leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Weka miezi ya kusubiri kwenye ratiba yako, maana kamati itakurudishia marekebisho.