Oili kwenye eya klina, anza na kupima level

Kaka pole, kwa hiyo pikipiki yako ya cc 150 kujaza oili kwenye eya klina (boksi la kuchujia hewa) usikimbilie kufungua injini, wala usizibe mpira wa kupumulia kama ulivyoambiwa, anza na level, yaani kiwango cha oili, maana mafundi wengi wanamimina chupa nzima bila kupima, simamisha pikipiki wima kwenye sakafu iliyonyooka, zima injini usubiri dakika kadhaa ndo uchomoe kijiti cha kupimia oili, ikipita alama ya juu toa iliyozidi. Ule mpira wa kupumulia kutoka kwenye injini unaingia kwenye boksi la eya klina, oili ikizidi inapandia humo humo.

Level ikiwa sawa na bado inatema, pima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Ikisoma chini tia oili kidogo kwenye tundu la plagi upime tena, ikipanda basi ringi (pete za pistoni) au silinda zimekwisha, moshi wa mlipuko unavuja kushuka chini kwenye injini na kusukuma oili kwenye ule mpira. Hapo ni ringi mpya, na silinda ipimwe kwanza tafadhali, ringi mpya kwenye silinda iliyolika ni hela umetupa.

Na nakuomba sana usizibe huo mpira kama ulivyoshauriwa, presha ikikosa pa kutokea inaweza kusukuma sili (raba za kuzuia oili isivuje) nje! Filta ya karatasi ikishalowa oili badilisha, haioshwi.